Kabla hatujachangia busta, tupime kwanza

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana mpaka nikasahau kama nina ukurasa huu. Leo sina stori za kantini wala za foleni ya daladala. Nina hoja, na ni hoja inayogusa mifuko yetu sisi wakazi wa hosteli, kwa hiyo nawaomba uvumilivu maana itakuwa ndefu kidogo.

Kwa ambao hamkai huku kwetu, niwape picha. Hosteli yetu iko nje ya chuo, ghorofa tatu, vyumba ishirini, wengi tunalala wawili wawili. Waifai ni ya kwetu wenyewe: ruta tulinunua kwa mchango, kifurushi cha intaneti tunalipia kila mwisho wa mwezi, na ruta yenyewe imefungwa ukutani ghorofa ya chini karibu na ngazi. Mchana mambo ni mazuri. Ikifika saa mbili usiku, kila mtu karudi, basi bwana, ukurasa mmoja unafunguka kama unaletwa kwa miguu kutoka Chalinze. Wa ghorofa ya juu wanasema ishara haifiki. Wa chini, wanaokaa karibu kabisa na ruta, nao wanalalamika vilevile. Hilo la wa chini liwekeni akilini.

Jumapili kikao cha wakazi kikatoka na mapendekezo matatu. La kwanza, bumu likitoka kila chumba kitoe shilingi 20,000, zipatikane 400,000 za kununua busta nne, vile vidubwasha vya kuchomeka kwenye soketi vinavyopokea waifai na kuirusha tena. La pili, kaka mmoja anayo programu ya kulipia ya kupimia waifai, ya bei mbaya, ila ya kwake imevunjwa kufuli na anaigawa kwa fleshi. La tatu, na hili ndilo lililopigiwa makofi, tutafute programu ya "kumwona" nani anakula kasi usiku ili aitwe kikaoni ajieleze.

Mimi napinga yote matatu. Na sipingi kwa sababu ya ubahili (ingawa 20,000 kwangu ni chakula cha siku kadhaa, teh teh). Napinga kwa sababu bado hatujui tunaumwa nini. Zipo programu huria, hazina hata senti, zinazoweza kutuambia ndani ya wiki moja. Msimamo wangu ni huu: tuchague swali kwanza, halafu tuchague programu inayojibu swali hilo, na programu hiyo iwe huria. Tena tupime hewa, tusipime watu.

Waifai inapokuwa mbovu kuna magonjwa matatu tofauti, na dalili zake kwa mtumiaji zinafanana kabisa. Kuna ishara dhaifu, yaani sauti ya ruta haikufikii vizuri kwa sababu ya umbali na kuta za zege. Kuna msongamano wa hewani, yaani sauti inakufikia ila ruta za majirani zinaongea kwenye chaneli hiyohiyo, na waifai ina adabu ya kusubiri mwenzako amalize ndipo uongee. Halafu kuna foleni nyuma ya ruta: hewani hakuna tatizo, ila laini inayotoka nje imejaa. Malaria, taifodi na mafua yote yanaleta homa, lakini hakuna daktari wa maana anayekupa dawa moja kwa yote matatu bila kipimo.

Sasa busta inatibu nini? Inatibu ugonjwa wa kwanza peke yake. Tena busta ya bei ya chini inapokea kwa chaneli fulani na kurusha tena kwa chaneli ileile, hivyo kila kitu kinasemwa hewani mara mbili na kasi ya anayepitia hapo inashuka karibu nusu. Kama tunaumwa msongamano, busta nne ni sawa na kuongeza watu wanne wanaopiga kelele kwenye chumba ambacho tayari hakisikilizani. Kama tunaumwa foleni ya nje, hazitasaidia kitu, tutakuwa tumelipa 400,000 ili tufike haraka mahali pa kupanga mstari.

Haya, tuingie kwenye vipimo. Cha kwanza kiko mfukoni mwako. Ukiwa na simu ya Android, ingia F-Droid au Play Store utafute WiFiAnalyzer. Angalia vizuri, maana programu zenye majina kama hilo ni utitiri na nyingi zimejaa matangazo. Ninayoisema mimi ni ya mradi wa VREM, ni huria, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL toleo la 3, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba haiombi ruhusa ya kuingia intaneti kabisa. Hebu fikiria, programu ya kupima waifai isiyotaka intaneti! Maana yake hata ingetaka kupeleka habari zako mahali, haina njia. Itaomba ruhusa ya mahali ulipo, msishtuke, hiyo ni amri ya Android yenyewe kwa programu yoyote inayotafuta mitandao ya jirani, kwa sababu orodha ya ruta zinazokuzunguka inatosha kusema uko wapi.

Ukiifungua utaona namba hasi, kama -45 au -80, na kizio chake ni dBm. Hapa wengi wanachanganyikiwa. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Halafu hesabu yake si ya kujumlisha kama ya dukani: kila ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kati ya -50 na -80 kuna tofauti ya mara 1,000. Mafundi wengi wanataka angalau -67 kwa simu za sauti. Ukifika -80 unashukuru Mungu ujumbe ukienda. Programu hiyohiyo inachora pia chaneli. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli zimepangwa kila baada ya megahezi 5 wakati mtandao mmoja unachukua upana wa kama 20, ndiyo maana wanasema 1, 6 na 11 ndizo zinazoweza kukaa pamoja bila kugongana. Jirani akikaa kwenye 3, anakukera wewe wa 1 na wewe wa 6 kwa pamoja.

Simu ina mipaka yake lakini. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyo wazi kwenye skrini inaruhusiwa kutafuta mitandao mara nne tu kila dakika mbili, hivyo ukitembea haraka kwenye korido namba unazoziona zinaweza kuwa za mlango uliopita. Android 10 na kuendelea unaweza kuzima kizuizi hicho kwenye mipangilio ya watengenezaji programu, la sivyo simama kila kituo nusu dakika ndipo uandike. Wenye iPhone poleni, Apple hairuhusu programu za kawaida kuorodhesha mitandao ya jirani namna hiyo.

Tena simu inasikia ruta zikijitangaza tu, haikuambii hewa ina shughuli kiasi gani. Ruta kumi zilizolala si tatizo, ruta mbili zinazopakua sinema ni tatizo. Hapo ndipo laptopu inapohitajika. Kwenye Linux kuna wavemon, inaonyesha ishara ikipanda na kushuka papo kwa papo ndani ya dirisha jeusi la amri, nyepesi hata kwa laptopu ya mkopo wa kaka. Anayependa picha achukue LinSSID. Na kuna amri ya iw ambayo, draiva ya kadi yako ikikubali, ukiiandika iw dev wlan0 survey dump inakupa muda ambao chaneli ilikuwa na shughuli kati ya muda wote iliosikilizwa. Hiyo ndiyo namba ya msongamano wenyewe. Wa Windows nao wasijione wamesahaulika, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike netsh wlan show wlanreport, utapata ripoti ya siku tatu zilizopita, lini ulikatika na kwa nini. Si huria hiyo, ila imo tayari kwenye kompyuta yako na hakuna wa kukuuzia.

Kipimo cha tatu ndicho rahisi kuliko vyote na ndicho watu wanakiruka. Ping. Fungua madirisha mawili: moja liulize ruta yetu, jingine liulize 8.8.8.8 huko nje. Fanya hivyo mchana kukiwa kimya, halafu usiku kukiwa na vurugu. Jibu la ruta likichelewa, ugonjwa uko hewani kati yako na ruta. Ruta ikijibu upesi na nje kukawa kunasuasua, hewa haina kosa, foleni iko nyuma ya ruta. Ukitaka uhakika zaidi, chukua iperf3, ni huria pia: laptopu moja ichomeke kwa waya kwenye ruta, nyingine itembee vyumbani, zitumiane data zenyewe kwa zenyewe. Inapima kasi ya hewa peke yake wala haigusi kifurushi. Kwa wanafunzi hilo ni jambo la kupiga vigelegele.

Sasa naomba nigusie majina makubwa, maana kila nikisema "programu ya kuchunguza waifai" kuna mtu ananitajia Wireshark au Kismet kwa sauti ya mtu aliyeangalia sinema nyingi. Zote mbili ni huria na zote mbili ni nzuri mno. Kismet inasikiliza bila kutuma chochote, inazunguka chaneli zote na kuandika kila inachokisikia, hata mitandao iliyoficha jina. Wireshark inafungua pakiti moja moja na kuzisoma, na kwa kazi yetu ina kichujio kimoja cha thamani: wlan.fc.retry == 1, kinachoonyesha pakiti zilizolazimika kurudiwa. Zikiwa nyingi, hewa ni chafu. Ila zote mbili zinataka kadi inayokubali kusikiliza kila kinachopita hewani, na kadi nyingi za laptopu zinakataa au zinakubali nusunusu, hasa ndani ya Windows. Mafundi wa Linux wamezoea vijidude vya USB vyenye chipu ya Atheros AR9271 kwa sababu draiva yake nayo ni huria. Kwa hosteli ya vyumba ishirini, mimi nasema anza na simu na ping. Ukikwama ndipo uende kwa Wireshark. Huwezi kuita greda kuchimba shimo la mwembe.

Nakuja kwa kaka wa fleshi, na naomba asinune. Programu zile za kulipia ni nzuri kweli, sibishi. Zinachora ramani ya rangi ya jengo zima, nyekundu huku kijani kule, na fundi anayefunga waifai hospitali ya ghorofa sita ana haki ya kuzinunua. Sisi tuna korido tatu, karatasi na kalamu vinatosha. Lakini hata zingetufaa, iliyovunjwa kufuli siikubali. Programu ya aina hii inataka mamlaka yote ya kompyuta, unaikabidhi antena na kila kinachopita humo. Aliyeivunja kufuli simjui, na wala kaka hamjui. Kwa nini mtu asiyenijua ahangaike usiku kucha kunipa kitu cha bei kubwa bure? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na hapa ndipo ninapotaka tutofautishe vitu viwili ambavyo Kiswahili chetu kinavitofautisha vizuri kabisa: bure na huria. Bure ni bei. Huria ni haki: ya kuitumia, kuusoma msimbo, kuubadilisha na kumgawia mwenzako. Miaka ya mwanzo ya 2000 programu iliyotamba kwa kutafuta mitandao ya waifai ilikuwa NetStumbler ya Windows. Ilikuwa bure, kila mtu aliitumia. Lakini msimbo wake ulifungwa. Toleo lake la mwisho, 0.4.0, lilitoka mwaka 2004, na mwenyewe alipoacha kuliendeleza hakuna mwingine aliyeweza kulishika. Windows ikasonga mbele, yenyewe ikabaki makumbusho.

Linganisha na Wireshark. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal. Mwaka 2006 akahama kazi, na jina Ethereal likabaki kwa mwajiri wa zamani kama alama ya biashara. Ingekuwa programu ya kufungwa, stori ingeishia hapo. Lakini msimbo ulikuwa chini ya leseni ya GPL, kwa hiyo yeye na wenzake waliuchukua, wakaupa jina jipya, Wireshark, wakaendelea na kazi, na hadi leo inafundishwa vyuo duniani kote. Jina lilibaki, kazi ikaondoka na wenyewe. Mtu anayechagua programu ya kujifunzia miaka minne ya chuo aitazame hadithi hiyo.

Sisi wa Tanzania tunayo hata ya nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakwenda kumpigia magoti mwenye kampuni awaruhusu. Msimbo ulikuwa huria, wakakaa wakatafuta istilahi, wakatafsiri. Uhuru huo huwezi kuupata kwenye kitu cha bure kilichofungwa, seuze kilichoibwa.

Sasa la tatu, lile la makofi. Kumsaka mla kasi.

Jamani, mnajua mnachokiomba? Programu zilezile zinazopima hewa zinaweza kuandika nani yuko wapi, simu yake inaongea na nini, anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Mitandao mingi siku hizi imefungwa kwa WPA2 au WPA3 na kurasa nyingi zinapita kwa njia ya siri, kwa hiyo maudhui yenyewe huyasomi kirahisi, lakini vichwa vya pakiti vinaonekana, navyo vinasema mengi. Mwaka 2010 Google ilikiri kwamba magari yake ya kupiga picha za mitaani yalikuwa yanahifadhi maudhui ya watu kutoka mitandao ya waifai isiyo na nywila, katika nchi zaidi ya 30. Na mojawapo ya programu zilizokuwa ndani ya mitambo ya magari yale ni hiyohiyo Kismet niliyoisifu hapo juu. Mwaka 2012 tume ya mawasiliano ya Marekani iliipiga faini ya dola 25,000 kwa kukwamisha uchunguzi, na mwaka 2013 ikalipa dola milioni 7 kumalizana na majimbo zaidi ya 30. Kismet haikuwa na kosa. Kisu hakina kosa, kosa ni la mkono.

Na kwetu sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila haki, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekuja kuongezea. Lakini hata bila sheria, hebu tufikirie utu. Leo tunamtaja kikaoni dada wa chumba fulani kwamba anaangalia video usiku, kesho nani atatajwa na kwa lipi? Kuna watu humu wanaongea na daktari kwa simu zao, kuna wanaoongea na wachumba, kuna wanaotafuta kazi kimyakimya. Wote wamelipa mchango sawa na wa kwangu. Sitaki mwenzangu wa korido awe polisi wa simu yangu, na mimi sitaki upolisi huo hata mkinipa mshahara.

Kuna njia nyingine ya kugawana kasi bila kujua nani anafanya nini. Juzi saa tatu usiku nilipiga ile ping ya madirisha mawili nikiwa chumbani kwangu, ghorofa ya kwanza. Ruta ilijibu kwa milisekunde nne, tano. Nje ikafika 900. Ni usiku mmoja na chumba kimoja, sitaki mniamini kwa hilo peke yake. Lakini linaelekea kwenye lile la wa ghorofa ya chini: wako mita tatu kutoka kwenye ruta, ishara imejaa, na bado wanalia. Busta gani itamsaidia mtu wa mita tatu?

Ugonjwa huo unajulikana. Kuanzia mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys alianza kuueleza hadharani: vifaa vingi vinarundika pakiti kwenye foleni ndefu mno, mtu mmoja akipakua faili kubwa, ujumbe mdogo wa mwingine unakaa nyuma ya lori zima. Ni sawasawa na bodaboda iliyonasa nyuma ya semi treila Ubungo asubuhi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, njia ya kufupisha foleni hizo, na baadaye ikaja CAKE, ambayo unaweza kuipangia igawe kasi kwa kila kifaa kwa haki. Anayepakua ataendelea kupakua, ila hatawasimamisha wengine. Hatumjui ni nani, wala hatuna haja ya kumjua.

Na hizo zote zimo ndani ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Nao una historia yake: Linksys waliuza ruta ya WRT54G, watu wakagundua ndani kuna Linux, na kwa kuwa leseni ya GPL inadai msimbo utolewe, mwaka 2003 ukatolewa. Mwaka 2004 OpenWrt ikaanzia hapo. Angalizo: si kila ruta inakubali OpenWrt, lazima tuangalie orodha ya vifaa vyao kabla ya kugusa chochote au kununua nyingine. Hata ikibidi kununua ruta moja inayokubali, ni moja, si busta nne.

Najua mtasema Linux ni ngumu. Unaiwasha kutoka kwenye fleshi bila kugusa Windows yako, ukimaliza unachomoa, na humu ndani tuko angalau watatu tunaoweza kumshika mtu mkono. Mtasema pia tumwite fundi. Tumwite, sawa kabisa, ila akija akute namba mezani. Fundi anayekuta wateja wenye namba hauzi anachotaka yeye.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikao ni hili. Bumu likitoka, tusikusanye kitu kwanza. Tuchague watu wanne, mmoja kila ghorofa na mmoja wa kujumlisha. Kwa siku saba, saa nane mchana na saa tatu usiku, waandike mambo manne katika sehemu zilezile za korido: ishara kwa dBm, chaneli na majirani waliomo, ping ya ruta, ping ya nje. Karatasi ibandikwe ubaoni kila mtu aione. Wasiandike jina la mtu, wasiandike kifaa cha mtu, wasihifadhi pakiti hata moja. Namba zikisema ghorofa ya tatu ina -80 wakati ping ya nje ni nzuri, nitakuwa wa kwanza kutoa 20,000 yangu, ingawa hata hapo nitauliza kama haitoshi kuihamisha ruta kutoka chini kwenda ghorofa ya kati. Zikisema majirani wamejaa chaneli ya 6, tunahama chaneli, na hilo ni la dakika mbili na halina gharama. Zikisema foleni iko nje, tunazungumza OpenWrt au tunapandisha kifurushi.

Wa hosteli nyingine mnaosoma hapa, fanyeni kwenu pia mniambie mmepata nini, hasa mnaokaa maghorofa marefu kuliko letu. Anayetaka kusaidiwa kusakinisha WiFiAnalyzer au kuwasha Linux kwa fleshi, jioni nipo chini ya mwembe baada ya saa kumi na mbili. Njoo na simu yenye chaji.